Mkono Uliokazwa Haupigi

Jumamosi asubuhi, kwenye kiwanja cha udongo nyuma ya nyumba moja ya mbao huku Mulekera, mjini Beni, vijana saba wamepanga foleni mbele ya bomba la chuma. Kila ncha ya bomba imezamishwa ndani ya kopo la rangi lililojazwa saruji, na saruji ikakauka humo. Hivyo ndivyo vyuma vyetu vya mazoezi. Anayefikiwa na zamu anainama, analipandisha bomba mpaka kifuani mara kumi, kisha anakunja mkono ili wote waone kitonge kinavyotuna juu ya kiwiko. Wenzake wanakibonyeza kwa vidole. Kikiwa kigumu wanakubaliana: huyu ana ngumi.

Pembeni amesimama msichana wa miaka 16 aliyekuja na kaka yake. Naye anataka kupiga gunia. Anaambiwa kwa upole kabisa, wala hakuna anayemdharau: "Dada, mkono wako bado mwembamba. Anza na kata za karate kwanza, ngumi zitakuja ukishapata misuli."

Kauli hiyo nimeisikia miaka mingi. Nimeisikia Kasabinyole na Ngongolio, nimeisikia Butembo kwa walimu wa karate na kwa walimu wa ndondi, na zamani mimi mwenyewe niliwaambia wadogo zangu vilevile. Imekuwa jambo lisilodaiwa ushahidi: ngumi ni mkono, mkono ni misuli, na msuli mzuri ni ule uliokazwa kuanzia begani hadi kwenye vifundo vya vidole. Filamu tulizozitazama utotoni kwenye vibanda vya video zilitulea hivyo hivyo. Shujaa anakaza mishipa ya shingo, mkono unavimba, halafu adui anarushwa mita tatu. Naipinga kauli hiyo yote, mwanzo wake na mwisho wake, kwa sababu si kweli, na kwa sababu inawaharibu vijana wetu viungo huku ikiwafukuza wasichana mlangoni.

Tuanze na mwili wenyewe. Msuli unajua kazi moja tu: kuvuta. Hakuna msuli mwilini unaosukuma. Ukitaka kunyoosha kiwiko, anayevuta ni msuli wa nyuma ya mkono, trisepsi, ulioshika ile ncha ya mfupa wa kiwiko. Ukitaka kukikunja, anavuta wa mbele, bisepsi, pamoja na jirani zake. Bisepsi ndiyo inayopandisha tonge la bugali mdomoni, ndiyo inayoinua bidoni ya maji ukitoka kisimani. Sasa ngumi ya kunyooka inanyoosha kiwiko. Kwa hiyo kile kitonge wanachokibonyeza vijana Jumamosi asubuhi ili kujua nani ana ngumi, katika ngumi hiyo kazi yake kubwa ni kuuzuia mkono usiende. Wanapima gari kwa ukubwa wa breki zake.

Nakubali kwamba katika ngumi ya kuzunguka, ile inayokuja kwa ubavuni, na katika ile inayopanda kutoka chini kuelekea kidevuni, bisepsi ina kazi ya kushikilia kiwiko kisifunguke. Lakini hata hapo inashika pembe tu. Anayeipeleka ngumi ni kiuno.

Msomaji anaweza kulihakikisha hili bila mashine. Weka kiganja cha kushoto juu ya bisepsi ya mkono wa kulia. Fumba ngumi kwa nguvu zako zote, kaza mkono mzima kama wanavyoamriwa watoto wetu, kisha unyooshe mbele ukiwa umekazwa hivyo hivyo. Chini ya kiganja utasikia bisepsi imejaa kama jiwe, na mkono utakwenda mbele kwa kutetemeka, kama motari anayepanda mlima huku kidole chake kimebana breki. Sasa pumua. Legeza vidole, legeza bega, urushe mkono kama unayekung'uta maji kwenye vidole. Bisepsi inabaki laini karibu safari yote, halafu mwishoni kabisa inashtuka mara moja. Ule mshtuko wa mwisho ni breki inayookoa kiwiko. Mkono wa kwanza ulikuwa na kazi nyingi na mwendo mdogo. Wa pili ulifika.

Mwili wetu umeumbwa na mpango wa kuepuka mvutano huo. Mwingereza Charles Sherrington, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1932, ndiye aliyeonyesha wazi kwamba msuli mmoja unapoamriwa kuvuta, uti wa mgongo huunyamazisha ule unaoupinga. Mtoto anayekurupuka kuikimbia mvua hafundishwi jambo hilo, analo. Mpango huo unavurugwa na mambo mawili hasa: woga, na mwalimu anayesimama juu ya kichwa cha mwanafunzi akipaza sauti, "Kaza! Kaza!"

Yapo pia maandishi ya mashine. Tangu Galvani, yule Mwitaliano wa karne ya 18 aliyeona mguu wa chura aliyekufa ukirukaruka kwa umeme, watu walianza kuelewa kwamba msuli na umeme wanafahamiana. Elektromiografia ni njia ya kuusikiliza umeme huo. Vibandiko vidogo, elektrodi, vinawekwa juu ya ngozi, na mashine inachora mstari. Msuli ukilala, mstari unalala. Msuli ukiamriwa, mstari unachachamaa.

Miaka ya 1920 watafiti huko Ujerumani walikwisha kuona mchoro wa tendo la haraka la mkono, na mchoro huo umethibitishwa tena na tena tangu hapo. Kwanza msuli unaopeleka unawaka kwa ghafla. Kisha unanyamaza, na msuli unaopinga unawaka kidogo ili kufunga breki. Mwishoni ule wa kwanza unawaka tena, kwa uchache, kuutuliza mkono mahali pake. Baina ya kuwaka na kuwaka kuna ukimya, na mkono unapita katika ukimya huo kwa mwendo uliokwisha kupewa, kama jiwe lililotoka kwenye manati. Hakuna mahali popote katika mchoro wa tendo la haraka ambapo misuli yote imewaka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Yaani kile kinachoitwa ngumi nzuri kwenye viwanja vyetu, ukikichora, kinafanana na mtu anayesukuma mlango uliokwama.

Mwaka 2010 Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, pamoja na wenzake, walibandika elektrodi kwenye miili ya wapiganaji wa ngazi ya juu wa yale mapigano yanayochanganya ndondi, mateke na mieleka. Walichokiona katika mapigo mengi ni vilele viwili. Kilele cha kwanza ni pale pigo linapoanza: kiwiliwili kinajikaza kwa kitambo kifupi sana ili kiungo kipate mahali pa kujikita kinapoondoka. Kisha baadhi ya misuli inalegea, na hapo ndipo kasi inapopanda. Kilele cha pili ni pale pigo linapogusa gunia: misuli inajikaza tena, mwili wote unakuwa kitu kimoja nyuma ya kifundo cha mkono, na uzito unaingia. Kasi inataka ulegevu, uzito unataka ugumu, na msuli hauwezi kuwa vyote viwili kwa wakati ule ule. Fundi anavipokezana. Asiye fundi anashika kimoja, cha ugumu, anakwenda nacho safari nzima, kisha anashangaa gunia halitikisiki.

Walimu wa karate wanalo neno lao kwa kilele cha pili, kime. Kila anayevaa mkanda hapa Beni amelisikia. Ni neno la nukta ya mguso. Sisi tumelivuta likawa blanketi la kulifunika pigo zima, kuanzia nyongani.

Na kuna hesabu ya muda ambayo haina huruma. Msuli ulioamriwa unahitaji karibu theluthi ya sekunde kufikia nguvu zake zote. Ngumi ya kunyooka ya mtu aliyezoea mara nyingi huwa imekwisha kufika kabla ya muda huo kutimia. Yule anayejenga nguvu za kuinua polepole bomba la saruji anajenga nguvu ambazo ngumi haina muda wa kuzingoja.

Nilipolieleza jambo hili nyumbani kwa mara ya kwanza, mama mmoja jirani yetu alikuwa akitwanga sombe. Hakuacha kutwanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, ukiushika mchi kwa hasira, mchi utakuchubua wewe." Nilikaa nikamtazama mikono. Mchi ukiwa chini anauvuta juu, kiwiko karibu na mbavu. Ukifika juu, vidole vinafunguka kiasi kwamba ungeweza kupitisha karatasi kati ya kiganja na mti. Mchi unaanguka ndani ya mkono uliolegea. Halafu, upana wa kidole kimoja kabla ya majani, vidole vinafunga, kiuno kinashuka, na ardhi ya uani inajibu. Mara mia, mara mia mbili, huku akizungumza nami juu ya bei ya mawese. Binti yake mdogo aliyeshika mchi wa pili alikuwa ameung'ang'ania kuanzia juu hadi chini. Baada ya dakika chache aliomba kupumzika na kutazama malengelenge. Mchi unasaidiwa na uzito wake, ngumi haina msaada huo, hilo najua. Lakini mpokezano wa kulegea na kufunga ni ule ule, na watu wanaoumiliki zaidi katika kila kartie ya Mulekera ni wale wale tunaowaambia mikono yao ni myembamba kwa ngumi.

Sasa nirudi kwenye saruji, kwa maana nataka kuipima kwa mizani yake yenyewe. Mwaka 1985 jarida moja la madaktari wa Uingereza lilichapisha kipimo cha ngumi ya Frank Bruno, bondia wa uzito wa juu. Ngumi yake ilifika kwa mwendo wa mita 8.9 kwa sekunde na kutoa nguvu ya nyutoni 4096. Hizo ni sawa na uzito wa kilo 417 hivi. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Basi ngumi moja ya Bruno ni mifuko minane, na bado kuna ya ziada. Nani hapa Beni, nani popote duniani, anaweza kusimama na kuisukuma mifuko minane ya saruji kwa mkono mmoja? Bruno mwenyewe asingeweza. Nguvu ile haikuwa ya mkono kusukuma. Ilikuwa ya mwili mzima uliokuwa katika mwendo, ukasimamishwa kwa ghafla mahali padogo kama kifundo. Mkono ulikuwa njia ya kupitia.

Njia hiyo inaanzia kwenye udongo. Mwaka huo huo wa 1985, Filimonov na wenzake wa Muungano wa Kisovieti walichapisha uchunguzi wa mabondia wa ngazi mbalimbali, wakigawanya mchango wa viungo katika ngumi ya kunyooka. Kwa mabingwa, miguu ilichangia kadiri ya asilimia 38, kiwiliwili asilimia 37, na mkono asilimia 24. Kwa wale wa ngazi ya chini, mkono ulichangia asilimia 38, na miguu asilimia 16 au 17 tu. Nawaomba walimu wenzangu wazisome namba hizo mara mbili. Anayepiga kwa mkono ni yule asiyejua kupiga. Kadiri anavyojifunza, ndivyo mkono wake unavyopungua katika hesabu na miguu inavyopanda. Sisi tunamchukua mwanafunzi aliyekuja na kosa la mwanafunzi, tunampa bomba la saruji, na tunalikuza kosa lake kwa miaka mitatu.

Najua majibu yanayonisubiri, kwa kuwa nimeyapokea uso kwa uso.

La kwanza huwa ni Francis Ngannou. "Kaka, Mkameruni yule alikuwa akichimba mchanga tangu utotoni huko Batié, akaja kuwa bingwa wa dunia mwenye ngumi nzito kuliko wote. Utasema mchanga haukumjenga?" Sisemi hivyo. Nasema mtazame mchimbaji mchanga, tunao wetu kwenye mito. Sepetu inaingia kwa goti na uzito wa mwili, inanyanyuliwa kwa nyonga, na mchanga unarushwa kwa kuzungusha kiuno. Mkono unaishikilia tu, na mwisho wa mrusho unaiachia iteleze ndani ya kiganja. Kama machimbo yalimpa Ngannou kitu, ni siku elfu za kuupeleka uzito kutoka ardhini hadi mbele yake. Na wenzake aliochimba nao, waliokuwa na mikono kama yake, hatujawasikia. Yeye alitoka, akajifunza ndondi, akafundishwa Paris, akakosolewa.

La pili ni la watu waliosoma, nalo lina uzito zaidi. Wanasema: utafiti upo unaoonyesha kwamba mabondia wenye nguvu ndio wenye ngumi nzito. Ni kweli. Irineu Loturco na wenzake walichapisha mwaka 2016 vipimo vya mabondia wa timu ya taifa ya Brazili, wanaume na wanawake, na wakaona nguvu za mwili zinakwenda sambamba na uzito wa ngumi. Sina ugomvi na vipimo hivyo, nagombana na jinsi vinavyosomwa. Walipimwa miguu pia, kwa kuruka kutoka kuchuchumaa, na miguu nayo ilitabiri ngumi. Na kilichopimwa mikononi kilihusu kusukuma, si kukunja. Hakuna hata ukurasa mmoja unaosema kunja mkono kwa bomba zito, polepole, mpaka kitonge kitune. Anayetaka kujenga nguvu ajenge: aruke, achuchumae na mtu mgongoni, arushe jiwe kutoka kifuani kwa mikono miwili, alikimbilie na kulirusha tena. Uzito wa mwili nao una maana, ndiyo sababu ndondi zina madaraja ya uzito. Mtu wa kilo 90 anayejua atampiga mtu wa kilo 55 anayejua. Lakini katika viwanja vyetu hatuna wanaojua wa kulinganisha. Tuna wasiojua wanaopimana vitonge.

Jibu la tatu si hoja, ni picha iliyomo vichwani mwetu: mkono mkubwa unatisha. Kwa hili Wakongomani tuna ushahidi wa nyumbani. Tarehe 30 Oktoba 1974, katika uwanja wa 20 Mai mjini Kinshasa, unaoitwa leo Tata Raphaël, George Foreman aliingia ulingoni akiwa na miaka 25, mapambano 40, ushindi 40, na 37 kati ya hayo aliyamaliza kwa kuangusha. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32. Ali aliegemea kamba, akafunga mikono mbele ya uso na mbavu, akamwacha Foreman apige. Wazee waliousikiliza mchezo ule redioni bado wanausimulia. Foreman alirusha mapigo mazito ya kuzunguka, moja baada ya jingine, kwa nguvu zote, bila kupumzisha mabega. Kufikia raundi ya nane mikono ile iliyoogopwa na dunia nzima ilikuwa ikielea. Ali akatoka kwenye kamba, akapiga mfululizo mfupi, wa mwisho ulikuwa mkono wa kulia, na Foreman akazunguka akashuka chini. Hakuna aliyebandika elektrodi usiku ule. Lakini tunajua kinachotokea ndani ya msuli uliokazwa bila kuachiwa: unaibana mishipa yake yenyewe ya damu, damu inapungua, na msuli unachoka ukiwa na nguvu zake ndani. Mkono unaolegea kati ya pigo na pigo unakunywa. Usiolegea unakufa kiu hata ukiwa mnene kama shina la mwembe.

Kuhusu msichana wa Jumamosi ile. Mwaka 2012 watafiti wa Imperial College London, wakiongozwa na Ed Roberts, waliwachukua watu 12 wenye mkanda mweusi wa karate na wengine 12 wa umri kama wao, wenye mazoezi ya mwili lakini wasiojua karate. Waliwapa umbali wa sentimita 5 tu wa kupiga. Katika umbali huo hakuna nafasi ya kujitutumua. Wanakarate walipiga kwa nguvu zaidi, na kilichokwenda sambamba na nguvu hiyo ni jinsi bega na kifundo cha mkono vilivyopatana katika wakati wa kufikia kilele cha kasi. Walipotazama ubongo, tofauti ilionekana katika nyuzi za sehemu ya nyuma inayoratibu mwendo, na iliendana na umri ambao mtu alianza kujifunza. Bruce Lee aliwashangaza watu Long Beach mwaka 1964 kwa ngumi ya umbali mdogo kuliko huo, naye hakuwa jitu. Mpatano wa wakati unajifunzwa. Unajifunzwa mapema, na haungoji misuli iote. Kumwambia msichana angoje misuli kwanza ni kumwibia miaka ambayo ubongo wake ungeijenga ngumi vizuri zaidi.

Tulimpa gunia, tukiwa wawili tu tuliokubali. Ni gunia la mchele lililojazwa mchanga na matambara, limening'inizwa kwenye mti wa mparachichi. Pigo lake la kwanza alilikaza kama alivyowaona wavulana wakikaza, na gunia likasogea taratibu kama mlango, likarudi. Nikamwomba asahau ngumi, afikirie mchi wa mama yake. Akaguna, akajaribu vidole wazi, akavifunga vikiwa vimekaribia kugusa. Mara nne, mara tano hakuna kitu. Mara ya sita alisukuma ardhi kwa kisigino cha nyuma, kiuno kikatangulia, na sauti ikabadilika. Gunia halikusogea mbali. Lilijikunja katikati, vumbi la mchele likatoka kwenye mshono. Wavulana waliokuwa kwenye bomba waligeuka.

Siandiki haya kwa raha. Kiwiko changu cha kulia hakinyooki mpaka mwisho. Nilikiumiza nikiwa na miaka 19, chini ya mwalimu aliyetupenda na kutuamrisha ngumi mia tatu za hewani kila asubuhi, mkono umekazwa, kiwiko kigongwe mpaka kikomo. Ngumi ya hewani haina gunia la kuisimamisha. Inayoisimamisha ni ile breki ya bisepsi, nayo ikichoka, mfupa unagonga mfupa. Baada ya hapo alitupeleka kwenye mkaratusi tuupige ili tuwe wagumu. Wenzangu wawili walivunjika mfupa wa kiganja chini ya kidole kidogo, mahali pale pale wanapovunjika wapiga ngumi wengi ambao kifundo chao hakijajifunza kufunga kwa wakati. Sasa naona watoto wa miaka kumi wakipanga foleni ya bomba. Wanaliinua kwa mgongo kwa sababu mikono haiwezi, na wakubwa wanawapigia makofi.

Kuna jambo lingine, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Mulekera ni moja ya komini nne za mji huu, na mji huu, tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014, umezika watu wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu kwa sauti. Tangu utawala wa kijeshi uanze Kivu Kaskazini na Ituri mwezi Mei 2021, kuna watoto waliofika umri wa kujiunga na klabu bila kukumbuka wakati mwingine. Ngumi haizuii panga wala risasi, na hakuna mtu wa Beni anayehitaji kuelezwa hilo. Kwa hiyo tujiulize wanakuja klabu kutafuta nini. Mimi nawapokea mlangoni, nawashika mabega, na mabega yao yamepanda hadi karibu na masikio. Shingo ngumu. Ngumi zimefumba kabla hatujaanza salamu. Mlio wa pikipiki ukipasuka barabarani, mgongo mzima unaruka. Mtoto wa Beni hahitaji kufundishwa kukaza, anakuja amekaza. Na sisi tunamchukua mtoto huyo tunamwambia kukaza ndiko ushujaa.

Saa moja ya kufundishwa kwamba mkono unaweza kulegea na bado ukawa na nguvu, kwamba mabega yanaweza kushuka bila mtu kuwa mnyonge, ni kitu ambacho klabu ya karate au ya ndondi inaweza kumpa mtoto huyo kwa gharama ya gunia moja na kamba. Tunakinyima kwa ajili ya kitonge.

Nawaomba walimu wenzangu wafanye haya mwezi huu. Waondoe bomba la saruji kwa kila aliye chini ya miaka 15. Wapunguze ngumi za hewani, na zilizobaki ziishie kiwiko kikiwa na pembe kidogo. Kila anayepiga gunia awe na mwenzake aliyeweka kiganja juu ya bisepsi yake, atamke "breki" kila anapoisikia imekaza kabla ya wakati. Na wasichana wapige gunia siku ya kwanza.

Asiyekubaliana nami simwombi anyamaze. Jumamosi saa moja asubuhi niko kiwanjani, chini ya mparachichi. Alete kijana wake mwenye kitonge kikubwa kuliko wote, ampangie foleni moja na yule dada wa miaka 16, tutapima gunia linajikunja kwa nani na linasukumwa na nani. Atapiga ngumi zake zote anavyotaka. Nitaomba kitu kimoja tu: kiganja changu kiwe juu ya mkono wake anapopiga.